Siku Mama Alipopika Bila Moshi

Mama yangu alikuwa mpishi wa shughuli. Hakuwa mpishi wa hoteli wala wa mgahawa. Ukiwa na arusi, hitima au maulidi pale kwetu Temeke, ulimfuata nyumbani wiki mbili kabla, ukakaa naye barazani, mkazungumza kila kitu isipokuwa chakula, na ulipoinuka kuondoka ndipo alipokuuliza, "Watu wangapi?" Siku ikifika alikuja na miko yake mwenyewe, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, akakaa katikati ya moshi wa kuni kwa raha, kama mtu mwingine anavyokaa kwenye upepo.

Alipovuka miaka sabini, moshi ule ukamkaa kifuani. Alikohoa alfajiri mpaka majirani wakawa wanaamkia kikohozi chake badala ya saa. Daktari wa zahanati akamwambia kwamba shughuli sasa basi, na hata nyumbani aachane na kuni na mkaa. Mama akamjibu, "Ahsante, mwanangu," akarudi nyumbani, akakoka jiko la mkaa na kupika chai ya kushushia maneno hayo.

Wakati huo mie nilikuwa njiani, kama kawaida yangu. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani miezi minne, kisha nikapanda lori kama utingo, na tangu hapo sijawahi kukaa mahali mpaka muuza genge akanijua kwa jina. Nimeishi Tunduma, Makambako, Masasi, Kahama. Ugonjwa wangu ni kwamba nikiwa Makambako naikumbuka Temeke, harufu ya mihogo ya kukaanga na kelele za watoto wanaotoka madrasa. Na nikiwa Temeke, siku ya tatu tu, nasikia baridi ya Makambako ikiniita. Kila nikitokea mlangoni na begi langu, mama hunipokea kwa swali moja: "Umerudi, au unapita?"

Safari hii nilirudi kwa sababu dada yangu mkubwa alinipigia simu. Dada anakaa Mbezi Beach na mumewe, na ni mtu ambaye akishaamua jambo hakai chini.

"Mama anakohoa," akasema. "Jiko la gesi nililomnunulia amelifunika kitambaa cha kufuma, na juu ya mtungi ameweka maua ya plastiki. Maua! Sasa sikiliza. Jumapili ya mwisho wa mwezi nakuja kula hapo mchana. Nikikuta moshi uani, namchukua siku hiyohiyo, anakuja kukaa kwangu. Na wewe mzururaji usije ukaanza kumtetea."

Nilipofika, mama hakukana kitu.

"Gesi naitumia," akasema. "Ya chai ya wageni."

"Na maharage?"

"Maharage kwenye gesi? Mtungi utakwisha kabla maharage hayajajua kama yako motoni. Halafu pilau ya gesi utaipalia na nini?"

Hapo alikuwa na hoja. Pilau ya kwetu, maji yakikaribia kukauka, hufunikwa na kuwekewa makaa ya moto juu ya mfuniko, na mengine machache yakabaki chini, wali ukamalizikia katikati ya joto la juu na la chini. Huko ndiko kupalia. Mama alikuwa amejulikana kwa kupalia kuliko kwa jina lake.

Nikamwambia, basi nenda Mbezi Beach, mama, upumzike. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa akalale makaburini.

"Kule kwa dadako kuna ukuta mrefu, kuna geti, kuna msichana wa kazi, kuna televisheni kubwa kama mlango. Mie nitafanya nini? Nitakaa nitazamwe?" Akakunja kona ya khanga yake, akaikunjua. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Mwanangu, nikitoka humu ndani sirudi tena. Najua."

Nilikuwa na siku kumi na moja.

Nataka niseme kitu kuhusu mkaa, maana mkaa naujua kuliko ninavyopenda. Miaka minne ya utingo wangu tulibeba mkaa kutoka kusini kuja Dar. Safari za mwanzo matanuri yalikuwa karibu na lami. Unashuka, unakojoa, unaona moshi mweupe ukitoka ardhini palepale kwenye vichaka, na magunia yamepangwa kando ya barabara, yamejazwa lumbesa na kufungwa majani juu kama vilemba. Mwaka uliofuata tuliingia ndani kwa nusu saa. Mwaka wa mwisho tulilala porini usiku mmoja kabla ya kufika penye miti ya kukatwa, na njia yote ilikuwa visiki na jua. Nakumbuka kijito tulichokuwa tukioga mwaka wa kwanza. Mwaka wa nne dereva alisimamisha lori palepale kwa mazoea, tukashuka na sabuni mkononi, tukasimama kwenye mchanga mkavu tukiangaliana. Tulicheka sana. Sijui kwa nini tulicheka. Tukapanda lori tukaendelea na safari yetu ya kwenda kuchukua mkaa.

Nilipokuwa nikiwaza mkaa nikamkumbuka mwalimu mmoja wa kike, mjane, kwenye vilima vya upande wa Iringa. Lori letu liliharibika mbele ya nyumba yake siku ya Jumapili. Akatuonea huruma, akabandika maharage, yakachemka kidogo tu, kisha akayaepua yakiwa bado magumu, akaitumbukiza sufuria kwenye kapu lililojaa majani makavu, akaifunika kwa blanketi, akachukua Biblia yake na kwenda kanisani. Dereva akaniambia, "Huyu mama ametukimbia." Tulikaa na njaa tukilinda kapu. Ibada ya siku hiyo ilikuwa ndefu. Aliporudi akafunua, maharage yalikuwa laini na ya moto mpaka yanaunguza ulimi. Nilikula nikasahau, kwa sababu nilikuwa kijana na nilidhani ni mambo ya baridi ya huko.

Asubuhi baada ya mazungumzo yetu na mama nikaenda soko la Tandika, nikanunua tenga kubwa la nyanya, likiwa bado na harufu ya nyanya. Majani makavu hatukuwa nayo, lakini tulikuwa na mito mitatu ya sufi. Miwili mama aliitoa bila maneno. Wa tatu akaukumbatia.

"Huu ni wa marehemu baba yako."

Nikaendelea kushindilia sufi kwenye tenga, nikabakiwa na upande mmoja mtupu. Mama akanitazama, akautazama mto, halafu akanirushia.

"Haya. Na yeye apike. Maisha yake yote hakuwahi."

Jaribio la kwanza lilikuwa la maharage, na liliharibiwa na macho. Tuliyachemsha kwenye jiko la mkaa kwa dakika ishirini, tukaitumbukiza sufuria kwenye sufi, tukaifunika khanga tatu na blanketi, tukaliacha tenga ukumbini. Hapo hapo akaingia jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye ni shoga wa mama tangu mie sijaota meno.

"Shoga, umelaza nini humo?"

"Maharage."

"Yanaumwa?"

Akafunua akatazama. Akaja mpangaji wa chumba cha mbele, akafunua. Wakapita wanawake wawili waliosikia kwa jirani, wakafunua, wakaita "Hodi" baadaye. Na mama mwenyewe, ambaye kwa miaka hamsini mkono wake haujapita karibu na sufuria bila kuinua mfuniko, aliinua mara nne ninazozijua mie. Kila mmoja alitoa joto kidogo akaondoka nalo. Saa saba tukapakua. Maharage yalilia kwenye sahani kama kokoto.

Jirani akalichukua moja, akaligonga kwenye meza. "Haya sasa, tuyapande," akasema, na alicheka mpaka akakaa chini.

Mara ya pili mama aliifunga sufuria kwa kamba ya katani, mafundo saba, akakaa kwenye mkeka mgongo umelielekea tenga, mikono ameikalia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupikia arusi ya watu mia tano. Nilimwona akitokwa na jasho. Baada ya saa nne akafungua. Akatoa harage moja, akalibinya kwa vidole, likasagika. Akabinya la pili. La tatu.

"Nani kachochea?"

"Hakuna moto, mama. Ni joto lake lenyewe, halikupata pa kutokea."

"Basi miaka yote hii," akasema, akiangalia uani, pale jiko lilipokaa tangu nikiwa mtoto na ukuta uliokuwa mweusi hadi kwenye bati, "miaka yote hii nilikuwa napasha joto hewa?"

Nilikifikiria kile kijito.

Jirani yeye hakukosa la kusema. Alionja kijiko kizima, akatafuna kwa haki. "Yameiva," akasema. "Lakini hayanuki moshi. Chakula cha wagonjwa hiki."

Siku zilizofuata tulizidi kujifunza. Kila kitu kigumu kilianza kwa moto mfupi kikamalizikia kapuni: maharage, kande, makongoro. Gunia la mkaa lililokuwa kwenye kona ya ua likaacha kupungua kwa kasi ile. Lakini bado tulikuwa tunakoka jiko asubuhi, na bado moshi ulikuwepo, japo mfupi. Ijumaa mama akaniita. Alikuwa ameyaondoa maua ya plastiki juu ya mtungi, ameyahamishia kwenye redio.

"Kuchemsha tu ndiko kunakohitaji moto, siyo?" akauliza. "Basi niwashie hiyo gesi. Wewe uiwashe, mie nitasimama mlangoni. Jumapili sitaki jirani wala dadako aone hata uzi wa moshi. Na kupalia kutafanywa na baba yako."

Jumapili tuliamka kabla ya adhana. Nyama tulikuwa tumeichemsha jana yake, tukaimalizia tena asubuhi, ikawa inaachia mfupa. Mama akakaanga vitunguu, akatia bizari, akatia mchele. Alisema atapika mchele kidogo, wa watu sita, lakini mikono yake haikuwahi kujua kidogo ni kiasi gani, kwa hiyo ikawa kilo tatu, sufuria imejaa hadi shingoni. Saa tatu kasoro pilau ilikuwa imechemka vya kutosha na maji yameanza kuzama. Tukazima gesi, tukaitumbukiza kapuni. Kwa kuogopa wachunguliaji, mama akaniambia nilibebe tenga hadi chumbani kwake, nilipandishe kitandani. Akalifunika blanketi, na juu yake shuka jeupe.

"Nenda kanunue nazi na ndizi," akasema. "Mie nafunga mlango kwa komeo. Leo hafunui mtu."

Nikaenda. Nikakawia kidogo sokoni, nakiri, kwa sababu nilikutana na dereva niliyewahi kufanya naye kazi, na tukaanza kukumbushana Tunduma.

Yaliyotokea nyuma yangu niliyakusanya baadaye kutoka kwa midomo mingi. Mama, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na chungu kinachopika bila kumhitaji, hakujua afanye nini. Akajinyoosha kitandani kando ya tenga, ambalo lilikuwa na joto zuri. Kifua kilikuwa chepesi. Hakuwa amekohoa tangu jana. Akajifunika shuka lilelile jeupe hadi usoni, kwa sababu ya nzi, akalala usingizi wa mtoto. Sikio lake zima ni la kulia, na alilalia hilohilo.

Upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa na wasiwasi tangu alfajiri. Hakusikia kikohozi. Saa moja hakuona moshi. Saa mbili hakuona moshi. Kwa miaka arobaini moshi wa mama ulipanda juu ya ukuta ule kabla ya jua. Kwetu sisi nyumba isiyokoka moto asubuhi ni nyumba ya wagonjwa au ya msiba. Wenye msiba hawapiki, hupikiwa. Ilipofika saa tatu na nusu akaja, akagonga, akaita, "Shoga! Shoga wee!" Kimya. Akazunguka dirishani, akasogeza pazia kwa kidole. Aliona kitanda. Aliona shuka jeupe, na chini yake umbo la mtu amenyooka, halisogei.

Jirani yangu huyo ana sauti.

Mie nilirudi nikiwa na nazi tatu na kichane cha ndizi. Kwenye kona ya mtaa nikaona vijana wamebeba mabenchi. Nikawaza, kuna msiba, wa nani tena? Mbele kidogo nikaona wanawake wamejifunga khanga za huzuni, wawili wana mikeka. Wote walikuwa wanaelekea kwetu. Mzee mmoja akanishika mkono, mkono wenye ndizi, akaubana kwa viganja vyote viwili.

"Pole, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

Sitasema mengi kuhusu hatua zile za kutoka pale hadi mlangoni. Nilikuwa nimepitia miji yote niliyoitaja, nikimwambia mama kwenye simu kwamba mwezi ujao nakuja, mwezi ujao nakuja. Nazi zilidondoka, sijui wapi.

Uani kulikuwa na watu kama arobaini. Mlango wa chumba ulikuwa haujavunjwa. Vijana walitaka kuuvunja, lakini wazee wakasema mlango wa mwenye nyumba hauguswi mpaka mwanawe afike. Jirani alikuwa amekaa chini, analia, amevua kilemba. Wakanipisha. Nikaupiga mlango kwa ngumi zote mbili, nikaita, "Mama! Mama!" kwa sauti ambayo sikujua kama bado ninayo.

Komeo likalia.

Mlango ukafunguka kiasi cha uso. Mama alitoka na alama za mikunjo ya shuka shavuni, macho yamevimba kwa usingizi, na hasira.

"Nimesema hakuna kufunua!" akapiga kelele. "Hamuelewi Kiswahili? Bado nusu saa!"

Mama akaangaza macho. Akaona mabenchi. Akaona mikeka. Akamwona shoga wake chini, kichwa wazi.

"Nani kafa?"

Jirani akamwonyesha kidole. "Wewe!"

"Mie? Saa ngapi?"

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni yule mzee aliyenipa pole. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikashika benchi moja, kikahamia kwenye mikeka, na baada ya dakika moja ua mzima ulikuwa umepinda kiunoni. Jirani alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, akimpiga mama makofi ya bega. "Umenitisha mjinga wewe! Hukukohoa! Hukukoka moto! Mie ningejuaje?" Mama akawa anasema, "Nimelala tu, jamani, mtu halali?" Na mie nilikuwa nimemshika mama mkono siuachii, mpaka aliponiambia, "Mwanangu, unaniumiza. Nazi ziko wapi?"

Ghafla mtu mmoja akakumbuka. "Jamani, kuna mzee ameshakwenda msikitini kutangaza!"

Akaitwa bodaboda, akaambiwa, kimbia, mwambie marehemu ameamka. Alimkuta mzee huyo akiwa tayari anavua viatu mlangoni. Wakati huohuo akaingia mwanamke kutoka mtaa wa pili, ambaye hakuwa na habari ya mabadiliko, na kichwani amebeba mzigo mkubwa wa kuni kwa ajili ya kupikia msiba. Akasimama mlangoni mwa ua akiwatazama waombolezaji wanavyogaragara kwa kicheko. Mama akamwendea, akamshusha mzigo.

"Shukrani, bibie. Lakini humu siku hizi hatuwashi."

Hapo ndipo, mapema kuliko tulivyomtarajia, gari la dada lilipoingia mtaani.

Jiweke mahali pake. Unatoka Mbezi Beach kuja kula chakula cha mchana kwa mama yako mgonjwa wa kifua, unakata kona, unaona mabenchi nje ya nyumba yenu na wanaume wa kofia wamekaa. Aliacha gari katikati ya njia, mlango wazi, shemeji akiwa bado kwenye usukani. Alikimbia bila viatu. Alipofika uani alikuwa hana hata sauti ya kulia, mdomo wazi tu. Na wa kwanza aliyemwona alikuwa mama, mwiko mkononi.

"Njoo ule," mama akamwambia. "Sijafa. Ni hawa tu wana haraka."

Dada alimwangukia shingoni. Kisha, kama kawaida yake, akakasirika. Akamgombeza mama, akanigombeza mie, akamgombeza na jirani. Tukamwacha agombe. Mama akaingia chumbani na vijana wawili, wakatoka wamelibeba tenga kama bibi arusi. Watu wakasogea karibu. Wengi walikuwa wamesikia habari za kapu wasiziamini. Mama akaondoa shuka, akaondoa blanketi, akafungua mafundo, akainua mfuniko.

Mvuke ulipanda hadi kwenye bati. Ulikuwa mweupe, wa iliki na bizari nzima, na haukumkera mtu jicho. Akatia mwiko pembeni, akageuza: punje zilianguka moja moja. Nilimwona mama akifumba macho nusu dakika, na nilijua anachofanya. Alikuwa anaiaga hofu yake.

Kila mtu alipata matonge matatu manne. Mzee wa pole akalamba vidole, akauliza, "Pilau tamu sana, lakini ukoko uko wapi?"

"Ukoko ndio marehemu," mama akamjibu. "Uzikeni mwondoke."

Dada hakula mara moja. Nilimfuatilia kwa macho. Alikwenda kwenye kona ya ua, akaweka kiganja juu ya jiko la mkaa: baridi. Akapita nyuma ya mama kama anayemrekebisha khanga, akamnusa begani. Akarudi, akakaa karibu na jirani kwenye mkeka.

"Ulijuaje, mama?" akamuuliza. "Ulijuaje kama kuna kitu?"

"Sikuona moshi, mwanangu. Wala sikusikia kikohozi. Saa moja nikasema, labda kachelewa. Saa mbili nikashindwa kula. Saa tatu na nusu nikaja."

"Na hawa wote?"

"Nilipiga kelele tu. Robo saa walikuwa hapa."

Dada akautazama ua, watu arobaini wanaokula pilau ya mama yake, mzigo wa kuni, mikeka, mifuko ya unga na sukari iliyopangwa ukutani.

"Mie kwangu," akasema polepole, si kwa mtu hasa, "jirani yangu namjua gari. Sura simjui."

Shemeji, ambaye hakuwa amefuatilia, akaja kutoka nje akivuta begi kubwa la magurudumu, tupu, lile la kuchukulia nguo za mama. Magurudumu yalilia juu ya saruji. Mama aliyasikia, kwa sikio lake zima. Mkono wake wenye mwiko ukasimama juu ya sahani ya mtu.

"Rudisha hilo begi," dada akamwambia mumewe.

"Si ulisema..."

"Baba watoto, rudisha. Njoo ule, pilau inakwisha."

Mwiko wa mama ukashuka kwenye sahani. Akampakulia mtu yule nyama mbili zaidi ya haki yake.

Vile vilivyoletwa kwa ajili ya msiba, mama alikataa kuvirudisha. Alisema vya msiba haviondoki nyumbani, ni mkosi, na kwamba yeye ndiye marehemu kwa hiyo ana haki ya kusema. Kuni peke yake ndizo alizomruhusu mwenyewe kuzichukua, na alimpa na nazi moja, maana zote tatu zilipatikana mtaroni.

Tatizo lilikuja kesho yake, na ni tatizo ambalo sikulifikiria. Saa kumi na mbili asubuhi ukuta uligongwa kwa mwiko, pa pa pa.

"Shoga! Upo?"

Mama akashtuka usingizini. "Nipo!"

"Haya."

Keshokutwa yake vilevile. Na kesho yake. Jirani alisema wazi kwamba kama moshi hautapanda tena, basi yeye ataulizia kwa mkono, maana hataki kuaibika mara ya pili. Mama akanung'unika kwamba kikohozi kimemwacha ili alale, na sasa halali kwa sababu ya watu wanaomtakia uzima. Lakini nilikaa nyumbani miezi mitatu safari ile, muda mrefu kuliko wote tangu nilipopanda lori mara ya kwanza, na sikumbuki asubuhi hata moja ambayo hakujibu.

Isipokuwa moja. Siku hiyo tulikuwa macho, tunakunywa chai, gesi imeshazimwa na kapu limeshafungwa. Ukuta ukagongwa. "Shoga! Upo?" Mama akaniwekea kidole mdomoni. Ukagongwa tena, kwa nguvu zaidi. Mama akashika kikombe chake, macho yanamcheka, akawa anahesabu kwa vidole. Hakufika kumi. Tulisikia mlango wa jirani ukipigwa, ndara zikikimbia uani, na jirani akaingia akihema, kilemba upande, nusu kilo ya sukari mkononi.

"Nilitaka kujua tu utakuja na nini," mama akamwambia, akaipokea ile sukari, akamsogezea kigoda.